Jina la Majaribio

Kiwandani walimwita Bi Tafuta, na hakulichukia jina hilo, maana wapo waliopewa majina mabaya zaidi kwa makosa madogo zaidi. Kiwanda kilitengeneza magodoro. Yeye hakuwahi kulishona godoro wala kulibeba. Kazi yake ilikuwa kile kisanduku cheupe kilichokaa juu ya skrini ya kila ofisi, unaandika neno, unabonyeza, unangoja jibu. Kabla hajaja, kisanduku kile kilikuwa pambo. Mtu wa mauzo aliandika "godoro la futi sita" akajibiwa hakuna, na huku stoo yamepangwa mpaka darini, kwa sababu stoo waliyaandika "sponji kubwa" na watu wa manunuzi waliyajua kwa namba tu. Kila idara ilikuwa na lugha yake na ubishi wake, na wote kwa pamoja walisema mfumo ni mbovu. Mfumo haukuwa mbovu. Wenyewe ndio hawakuwa wakisalimiana.

Bi Tafuta hakuwalazimisha wabadili lugha, angezeeka akiwasubiri. Alichora modeli. Mtu akimuuliza modeli ni mnyama gani, alikuwa na jibu lake moja, analitoa huku anapuliza chai. "Sihamishi kitu, sinakili kitu. Kila taarifa inabaki chumbani kwake ilikozaliwa. Mimi nauambia mfumo tu nani ni ndugu wa nani. Ukiuliza, ndugu wanaitwa sebuleni, wanakujibu kwa pamoja, halafu kila mmoja anarudi kwake." Na kweli, tangu achore ile ya bidhaa, mtu wa mauzo akiita godoro, sponji kubwa inaitika. Watu walifurahi siku mbili tatu, kisha wakarudi kulalamikia chai ya kantini.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Meneja wa wafanyakazi, mtu wa roho nzuri na haraka isiyo na breki. Alimfuata mezani kwake na kumwambia anataka ya kwake.

"Nikiandika jina la mtu, nimwone mtu mzima," alisema. "Sasa hivi namwona mguu huku, mkono kule. Zamu yake dirisha moja, likizo dirisha jingine, bima ya afya sijui nibonyeze wapi. Niunganishie. Na wasimamizi wa idara nao uwape, wasinigongee mlango kila saa. Jumatatu tuanze."

Bi Tafuta alikubali bila kufikiri mara mbili, na hapo ndipo alipoteleza. Fundi akisifiwa, masikio yake hujaa pamba. Wiki nzima alishinda akiunganisha: mfanyakazi na zamu yake, zamu na likizo, mfanyakazi na wategemezi wake, wategemezi na bima, bima na maana ya zile alama ambazo hospitali huandika badala ya maneno. Akaagiza pia kwamba jambo jipya lipande juu na la zamani lishuke, kwa kuwa mtu anayetafuta huwa na haraka. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, modeli ilikuwa tayari kujaribiwa.

Kujaribu kuna sheria, na sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe: usitumie jina la mtu wa kweli. Kwa kazi hiyo kulikuwa na mfanyakazi wa kubuni aitwaye Ndugu Jaribio Jaribio, aliyezaliwa tarehe mosi Januari, asiyeumwa, asiyechelewa, asiyeoa. Mfanyakazi bora kabisa kiwandani, ila hayupo. Na taabu ya mtu asiyekuwepo ni kwamba hata akijibiwa vibaya, huna pa kujua kama ni vibaya. Ukitaka kujua kweli kama modeli imeshika, mjaribu mtu unayemjua nje ndani. Mafundi wa kazi hii wote wanaijua sheria, na wote huivunja Ijumaa mchana.

Akaandika jina la wifi yake.

Wifi alikuwa msimamizi wa ushonaji hapohapo kiwandani, mke wa kaka yake mkubwa. Kaka alikuwa fundi bomba wa kujitegemea, na kwa kuwa kazi ya kujitegemea haina bima, aliandikishwa katika bima ya mkewe. Mume mmoja, hakuna mtoto: jibu jepesi la kukagua.

Lilikuja kabla hajaondoa kidole. Jina sahihi, idara sahihi, zamu ya asubuhi, likizo iliyobaki, mtegemezi mume. Bi Tafuta akapiga meza kofi la furaha, kwa sababu kuunganisha majedwali sita yaliyoandikwa na watu wasiopatana si mchezo. Ndipo akausoma mstari wa juu kabisa, ule ambao yeye mwenyewe aliuamuru upande juu kwa kuwa ndio mpya.

Mume: kliniki ya uzazi ya wanaume, matibabu yanaendelea, mwezi uliopita. Chini yake, kliniki hiyohiyo, mwezi wa kabla. Chini yake tena, na tena, mpaka miaka ya nyuma kabisa, na mwisho wa yote mstari mmoja wa mke: uchunguzi wa uzazi, hakuna tatizo.

Aliusoma mara ya pili kama mtu anayetumaini maandishi yatajirekebisha. Hayakujirekebisha. Kule yalikokaa kila moja chumbani kwake, hakuna lililokuwa na mdomo: bima walikuwa na namba na alama, kwingine kulikuwa na maana ya alama bila mtu, kwingine tena kulikuwa na mtu bila ugonjwa. Yeye ndiye aliyewakutanisha wakaanza kusema.

Ili uelewe uzito wa mstari ule, lazima uijue nyumba yao. Mama yao alikuwa na wimbo mmoja tangu harusi ya Kaka. Nyumba bila mtoto, aliimba, ni kibanda cha kungojea basi. Aliuimba mbele ya wageni, aliuimba kwenye simu, aliuimba wifi akiwa hapohapo anamimina chai. Na Bi Tafuta, Mungu amsamehe, alikuwa mwitikiaji. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na utani, na mara nyingi watu hawajui tofauti. Kuna siku, nyumba imejaa ndugu, alimwambia wifi yake: "Wifi, hilo tumbo lina kufuli? Si umwambie kaka aje na spana, yeye si fundi?" Watu walicheka mpaka machozi. Kaka aliinuka akasema anakwenda kuangalia bomba la uani linavuja. Na wifi alicheka kuliko wote, akajibu, "Kufuli langu la zamani, wifi, spana za siku hizi haziliwezi."

Bomba la uani halikuwa likivuja. Jambo hilo Bi Tafuta alilikumbuka sasa, mbele ya skrini.

Tena kulikuwa na Jumapili. Mama alikuwa amempigia katikati ya wiki. "Jumapili uje mapema, tuna kikao. Kaka yako lazima aambiwe atafute jiko jingine, hili haliwaki. Baba yenu mdogo atakuwepo. Na wewe useme, maana wewe huwa anakusikia." Naye alikuwa amejibu sawa Mama, nitakuja, jibu la mtu ambaye macho yake yako kwenye kazi nyingine.

Kikao kilikuwa keshokutwa. Lakini kabla ya Jumapili kulikuwa na Ijumaa yenyewe, na modeli iliyokuwa inangoja kufunguliwa kwa kila msimamizi. Bi Tafuta aliifunga skrini na kwenda kwa Meneja.

"Bosi, Jumatatu haiwezekani."

"Haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi kupita kiasi."

Meneja alicheka, akidhani anaringa. Akamweleza tena habari ya mguu huku na mkono kule. Akasema mambo yote yale yako humuhumu kiwandani tangu zamani, kila moja kwenye kabati lake, hakuna siri mpya hata moja.

"Siri si mpya, bosi. Mlango ndio mpya."

"Sasa unataka kunifundisha kazi ya wafanyakazi?"

Hapo Bi Tafuta aliona kwamba maneno hayatamfikisha, na mfano aliokuwa nao hakuwa na ruhusa ya kuutoa. Aliinama juu ya kompyuta ya Meneja, akamfungulia kisanduku cheupe. "Andika jina lako mwenyewe," alisema. "Mimi natoka nje." Akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.

Alisimama koridoni akisoma maelekezo ya moto yaliyobandikwa ukutani. Aliyasoma yote, akaanza upya. Mlango ulipofunguliwa, Meneja alikuwa ameupangusa uso, lakini si vizuri.

"Wasimamizi wangeliona hili?"

"Jumatatu asubuhi."

"Kata."

"Nikate wapi?"

"Bima yote. Na wategemezi. Acha zamu na likizo."

"Na sababu za likizo?"

Alifikiri kidogo. "Hizo pia." Kisha, kwa sauti ya chini, "Umeona cha kwangu?"

"Nilikuwa huku nje, bosi. Nilikuwa nasoma maelekezo ya moto."

"Yanasemaje?"

"Tutoke kwa utulivu."

Meneja akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa ushauri wa maana. Alirudi ndani, na kuanzia siku hiyo alimheshimu Bi Tafuta zaidi na kumkwepa kidogo.

Kukata hakukuchukua muda. Huo ndio uzuri wa modeli: hakuna kilichohamishwa, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Aliondoa undugu aliouandika yeye mwenyewe, akaweka zuio kwamba bima isiitwe na mtu yeyote asiye wa bima, akalijaribu kwa Ndugu Jaribio Jaribio, ambaye safari hii walau alikamilishwa kwa kupewa mke na homa za kubuni. Kisanduku kikawa hakijui kitu. Bi Tafuta ndiye aliyebaki anajua, na kwa hilo hakukuwa na kitufe.

Jumapili alifika mapema kuliko alivyoitwa. Sebuleni kwa Mama televisheni ilikuwa imezimwa, dalili kwamba jambo ni zito. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti kikubwa, amevaa kofia, tayari amesinzia. Aliitwa kwa sababu kikao hakiwi kikao bila mwanaume mzee wa kukohoa. Kaka alikaa akitazama viganja vyake. Wifi alikuwa jikoni, kama kawaida, anaandaa chai ya kikao kilichoitishwa dhidi yake.

Bi Tafuta alimfuata. Alimkumbatia, akamshikilia kuliko ilivyo desturi yao, akamnyang'anya sinia, akamwita wifi yangu mpenzi. Wifi akarudi nyuma hatua moja akamtazama.

"Una nini leo? Hujanitania hata mara moja."

"Sina kitu."

"Una kitu. Nimekuzoea wewe kama mchubuko wa kiatu."

Bi Tafuta hakuweza kudanganya, tena hakutaka. Alimweleza yote kwa kunong'ona: Meneja, modeli, jina aliloandika, mstari wa juu. Wifi aliweka chupa ya chai chini taratibu.

"Wangapi wameona?"

"Mimi tu. Na nimekata. Hakuna mwingine atakayeona, nakuapia."

"Ulikuwa unatafuta nini kwangu?"

"Sikuwa natafuta kitu, wifi. Nilikuwa najaribu kama inafanya kazi."

"Na inafanya," alisema Wifi.

Bi Tafuta aliomba msamaha, kwanza wa skrini, kisha wa kufuli na spana na miaka yote ile, na huo wa pili ulimtoka vibaya, kwa vipande. Wifi alimsikiliza huku anapanga vikombe. Hakusema amesamehe. Alisema jambo jingine.

"Kaka yako asijue kwamba unajua. Unanisikia? Kumfikisha pale kliniki mara ya kwanza nilimbembeleza mwaka mzima. Kila mwezi bado nambembeleza. Na sasa daktari ametupa moyo, kwa mara ya kwanza. Akijua dada yake anajua, harudi tena kule. Namfahamu."

"Basi nifanye nini?"

"Nitanie. Kama siku zote, mbele ya watu. Ukinionea huruma atashtuka, si mjinga. Twende, chai inapoa."

Ni rahisi kusema ningefanya hivi, ningefanya vile, ukiwa umekaa kwako. Bi Tafuta alibeba sinia akaingia sebuleni nyuma ya wifi yake.

Mama alianza. "Mimi si mtu wa maneno mengi," alisema, kisha akayasema. Alisema umri haurudi nyuma. Alisema watoto wa majirani wameshaanza kuleta watoto wao. Alisema hamchukii mkwe wake, ni mtu mzuri, anajua kazi, lakini wema haunyonyeshwi. Alimwambia Kaka ni wakati wa kuangalia kwingine, na kwamba mke akiwa na akili ataelewa. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mgongo umenyooka, anasikiliza kama mtu anayesomewa habari za hali ya hewa. Baba mdogo akakohoa mahali pake.

Kaka hakuinua kichwa. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, chai haijaguswa.

"Sema na wewe," Mama alimgeukia binti yake. "Mbona leo umemwagiwa maji? Wewe na wifi yako mnafanya kazi pamoja, unamjua. Mwambie kaka yako."

Wifi akamtazama. Macho yake yalisema sasa. Bi Tafuta akavaa tabasamu, akalegeza mabega kama alivyozoea kabla ya kurusha kijembe, akafungua mdomo.

"Wifi," alisema, "hilo tumbo..."

Halikutoka. Alijaribu tena. Neno kufuli lilikataa, na alipolisukuma kwa kicheko, kilichotoka si kicheko. Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini machozi hayazibwi kwa kiganja.

"Umekuwaje?" Mama aliuliza. "Nimekwambia useme, sikukwambia ulie."

Kaka alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akarudi kwa dada yake. Alimjua tangu anatambaa, na hakuwahi hata siku moja kumwona amekosa la kumwambia wifi yake. Alijua pia anafanya kazi gani na wapi. Yeye ndiye aliyekuwa akijigamba kwa mafundi wenzake kwamba dada yake huwezi kumficha kitu. Akaweka kikombe mezani.

"Umeona, sivyo?" alimuuliza.

Bi Tafuta akaitikia kwa kichwa.

"Mume wangu, acha," Wifi alisema haraka. "Si lazima leo."

"Kila Jumapili si lazima leo." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Mama, tatizo ni langu. Walitupima mwanzoni kabisa. Yeye hana shida yoyote, ni mimi. Nilimwomba anipe muda nikwambie mwenyewe, na nikaendelea kuomba muda mpaka leo. Kama kuna wa kutafuta kwingine, ni yeye, na hajatafuta."

Baba mdogo alikuwa macho kabisa. Alivua kofia akaiweka gotini, na kwa mara ya kwanza katika kikao kile hakukohoa.

Mama alikuwa mtu wa maneno mengi, wote waliokuwa mle ndani walilijua hilo kasoro yeye. Sasa alimtazama tu mwanawe aliyekuwa analia bila kujificha, akanyoosha mkono nusu, akaurudisha. Kisha akageuka kule mlangoni, kwenye kiti cha plastiki.

"Na wewe," alimwambia mkwe wake, na sauti haikuwa ya kugomba, ingawa yeye mwenyewe huenda alitaka iwe. "Mimi nakusema miaka yote hii, mbele ya watu, na wewe unanimiminia chai. Kwa nini hukunijibu?"

"Ulikuwa unanisema mimi, Mama," Wifi alijibu. "Mimi naweza kubeba. Ungemsema yeye, asingerudi kwa daktari."

Nje, gari lilipita, watoto wa jirani wakaitana. Mama alisogea mpaka ukingoni mwa kochi. Aliuondoa mto uliokuwa pembeni yake ili pawe na nafasi.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Kiti hicho kinaumiza mgongo."

Wifi hakuinuka upesi. Mtu aliyesimangwa miaka yote ile ana haki ya kufikiri. Mama hakumharakisha, alibaki na mto mkononi, anangoja.